Lori Lililonunuliwa Adhuhuri

Anayehusika ni mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kanisa letu. Wanahusika pamoja naye wajumbe wote walionyoosha mikono siku ilipopitishwa kwamba uwanja wa kanisa usawazishwe. Baridi haihusiki. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu tangu mwezi wa nane nimesikia baridi ikilaumiwa baada ya ibada, ikilaumiwa kwenye kioski cha chai, na hata kulaumiwa katika mazishi ya mtu aliyekufa kwa ugonjwa mwingine kabisa, na baridi haina mdomo wa kujitetea. Imekuwapo kwenye miteremko hii ya Meru kabla ya kamati yoyote kuundwa. Huja na ukungu wake kila mwezi wa sita, hulala juu ya majani chai hadi mwezi wa nane, kisha huondoka bila kumwomba mtu kura.

Nilifanya kazi ya serikali miaka mingi mjini Embu, katika idara iliyosimamia magari. Sikuwa fundi, wala sijawahi kujidai kuwa fundi. Kazi yangu ilikuwa kujua gari liko wapi, nani amelitoa na limerudi katika hali gani. Kazi hiyo humwachia mtu tabia ambayo haiondoki hata baada ya kustaafu. Ukimwambia gari limeharibika, hakuulizi limeharibika nini. Anakuuliza lilianza lini kuharibika, na wakati huo lilikuwa mikononi mwa nani.

Lori la kanisa lilinunuliwa Ishiara, chini kwenye nchi ya joto. Washirika walikuwa wamechanga kwa muda mrefu, na kamati ikapata habari za mfanyabiashara wa ndengu na mbuzi aliyekuwa akiuza lori kuukuu la dizeli lenye mwili imara. Nilijitolea kuandamana nao. Nilieleza kwamba nimepokea na kukabidhi magari ya kila namna, na kwamba kuna mambo ambayo muuzaji hayasemi mpaka aulizwe. Mwenyekiti akanijibu kwa upole mbele ya kikao kizima.

"Bwana Afisa, wewe ukienda tutarudi na ripoti badala ya lori."

Wajumbe walicheka. Nami nilicheka kidogo, kwa sababu ya adabu.

Waliondoka baada ya kunywa chai na kufika Ishiara adhuhuri. Mtu asiyeijua Ishiara ya adhuhuri na azuru hapo akiwa amevaa koti la huku kwetu. Mjumbe mmoja alitusimulia baadaye kwamba aliliegemea lori akaruka kama aliyeumwa na siafu, na alilisimulia jambo hilo kama sifa ya lori. Muuzaji aligusa ufunguo, injini ikaitika kabla hajaugeuza wote. Kisha akabonyeza honi. Haikuwa honi ya kawaida. Ilikuwa honi ya kuimba, yenye sauti za kupanda na kushuka, ya aina inayowafanya watu watoke madukani kuangalia nani anapita. Nimeelezwa na zaidi ya shahidi mmoja kwamba mwenyekiti aliomba aibonyeze mwenyewe, na kwamba baada ya hapo hapakuwa tena na majadiliano ya maana. Hakuna aliyeuliza lori lile huamkaje asubuhi. Kwa hakika hakuna aliyekumbuka kwamba lori hulala.

Hapa sina budi kueleza jambo la kiufundi, nami nitalieleza kwa ufupi. Injini ya dizeli haitumii cheche. Huwaka kwa sababu hewa inayobanwa ndani yake hupata joto kali kiasi cha kuunguza mafuta. Chuma kikiwa baridi sana, hulinyonya joto hilo kabla mafuta hayajashika moto. Ndiyo maana waliolitengeneza lori la aina ile waliweka ndani ya injini plagi ndogo za kupasha joto, ambazo mafundi wa huku huziita hita. Dereva hufungua swichi, husubiri hita zipate moto, ndipo apige stata. Ishiara hita ni kama blanketi mezani: hazina kazi. Mfanyabiashara wa ndengu alilijua hilo, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha waya mzuri ukae bure, aliukata waya uliopeleka umeme kwenye hita na kuupa honi.

Niligundua hayo msimu wa kwanza wa ukungu, nilipomwomba dereva wa kanisa anifungulie boneti. Waya ulikuwa umeviringishwa utepe mweusi, ukipita juu ya hita kama mtu asiyetaka kusalimiana na jirani, ukienda moja kwa moja hadi kwenye honi. Nilimwonyesha dereva. Alikuwa akijua.

"Mzee, si kuna mteremko?" alisema. "Mteremko hautaki waya."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Huku kwetu mwenye gari kuukuu akijenga nyumba, huuliza kwanza kiwanja kinateremkia wapi, ndipo aulize jua linachomozea upande gani. Kanisa letu limejengwa juu ya ukingo, na uwanja wake ulikuwa ukiteremka vizuri kutoka mlangoni hadi langoni. Lori lililala juu, pua ikielekea lango, jiwe likiwa mbele ya gurudumu. Asubuhi dereva aliondoa jiwe, lori likaanza kujiendea polepole bila sauti, naye akaingiza gia ya pili na kuachia klachi. Lilikohoa, likatikisika, na lilipokaribia lango lilikuwa linanguruma. Watoto wa shule ya Jumapili walikatazwa kulikalia jiwe lile. Nilipopendekeza kikaoni hita zirudishiwe waya wake, nilijibiwa kwamba lori linawaka, na kwamba tuendelee na ajenda.

Ndipo ulipofika mchango wa paa jipya.

Mgeni wa heshima alikuja na ujumbe mkubwa, akaketishwa pale uwanjani kwenye kiti cha plastiki kilichopambwa kwa kitambaa. Kulikuwa kumenyesha. Miguu ya kiti upande wa chini ilizama taratibu, na mgeni, aliyekuwa ameanza kuzungumzia umuhimu wa viongozi kusimama wima, akawa anainama kidogo kidogo kuelekea kwa mama mmoja wa kwaya, hadi mama yule akalazimika kumshikilia bega ili amalize sentensi. Nilikuwa nimeketi karibu. Nakiri kwamba sijawahi kuona hotuba iliyosikilizwa kwa makini zaidi.

Kamati iliona aibu, na aibu ya kamati huishia kwenye tingatinga. Ilipitishwa kwamba uwanja uchimbwe usawazishwe wote ulingane na lango. Ikapitishwa pia kwamba ndani ya lango liwekwe tuta la kuwazuia waendesha pikipiki wasipite uwanjani kwa kasi. Lango lenyewe liko mahali barabara inapobonyea, kwa hiyo mtu akitoka nje barabara inapanda pande zote mbili. Niliomba nafasi nikauliza swali moja tu: lori litalala wapi?

Katibu alinitazama kwa huruma. "Litalala palepale, Mzee. Na sasa litalala vizuri zaidi."

Uwanja ulisawazishwa katikati ya mwezi wa saba. Lori halikuwa na safari za alfajiri wakati huo. Lilibeba mchanga na mawe mchana, jua likiwa limeshalichemsha, na liliwaka kwa ufunguo kama lilivyowaka Ishiara. Kila nilipokutana na mwenyekiti alinipungia mkono kutoka ndani ya lori, na kupiga honi.

Nafika sasa kwenye madhara.

Mjukuu wangu, tuliyemlea mke wangu na mimi tangu utotoni, aliitwa kusoma chuo kikuu Nchiru. Hakuna aliyekuwa ameitwa chuo kikuu katika ukoo wetu kabla yake. Nafasi za kulala ndani ya chuo zilikuwa zimejaa, kwa hiyo alikwenda mwenyewe mapema kutafuta chumba cha kupanga, akakipata karibu na lango la chuo, chenye dirisha na bomba la maji mlangoni. Alikitaka chumba hicho kwa sababu moja iliyo wazi: masomo mengine huisha giza limeingia, na vyumba vilivyobaki viko ng'ambo ya bonde, mwendo mrefu kwenye njia isiyo na taa. Mama mwenye nyumba alimwahidi kukishikilia hadi adhuhuri ya siku ya kuripoti. Baada ya adhuhuri, alisema, yeyote mwenye mkoba angekuwa mwanafunzi wake. Nilizungumza naye mwenyewe kwa simu, naye akarudia maneno yale yale bila kuongeza wala kupunguza.

Kanisa likaamua kumsindikiza. Huo ni utaratibu wetu na siupingi. Mtoto akiitwa mahali pa maana haendi kama mtu anayekimbia deni; anakwenda na kwaya, mchungaji, gunia la viazi na mikungu ya ndizi. Mwenyekiti alinihakikishia mbele ya mke wangu kwamba lori lingeondoka alfajiri.

Alfajiri hiyo ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ukisimama mlangoni pa kanisa huoni lango. Kwaya ilikuwa imeshapanda nyuma na kujifunika mashuka. Mjukuu wangu aliketi juu ya godoro lake, akishika saa ya mkononi niliyompa. Dereva akageuza ufunguo. Stata ilizunguka kama mtu anayekoroga uji mzito, ikanung'unika, ikanyamaza. Akajaribu tena. Moshi mweupe ulitoka kwa nyuma, mdogo, wa aibu. Kisha, nadhani kwa kukosa la kufanya, alibonyeza honi, na honi ikaimba ukingo mzima kwa sauti safi kabisa. Mbwa waliitikia. Lori letu lilikuwa na uwezo kamili wa kutangaza safari.

Mwenyekiti alifika akiwa amejifunga skafu mpaka masikioni. "Ni baridi tu hii," alisema. "Gari ni kama mtu. Hata wewe Afisa, leo umetoka kitandani kwa jaribio la kwanza?"

Nilimweleza kwamba nilikuwa nimetoka kwa jaribio la kwanza.

Matibabu yakaanza, na kila aliyepita barabarani akaingia kuwa daktari. Mzee mmoja wa kanisa alisema dizeli imeganda. Nilimwonyesha migomba iliyokuwa nyuma yake, nikamwambia kwamba mahali migomba inapoishi dizeli haigandi. Akina mama walileta maji ya moto yaliyotengwa kwa chai, wakayamwaga juu ya injini. Mvuke ukapanda, watu wakapiga makofi kwa sababu mvuke ulifanana na maendeleo. Mwingine alileta karai la makaa na kulisukuma chini ya tangi la mafuta, nami nikalivuta haraka huku nikimwomba kwa heshima arudi nyumbani. Mchungaji akaweka mkono juu ya betri na kuiombea kwa kirefu. Sina neno juu ya maombi. Nasema tu kwamba betri haikuwa na kosa lolote. Ndiyo iliyokuwa imeimbisha honi.

Ndipo tukasukuma. Wanaume wote na nusu ya kwaya tuliliweka lori mwendoni, likajikokota kwenye uwanja ule uliosawazishwa hadi tutani, gurudumu la mbele likagusa tuta, likapanda kidogo, likafikiri, kisha likaturudia. Tulirudia tukio hilo hata mama mmoja wa kwaya akauliza kama tuta nalo lilipitishwa na kikao. Nilimwambia ndiyo. Akasema basi na kikao kije kisukume.

Nilimwendea mwenyekiti nikamtoa kando. Nilimweleza polepole, kama ninavyoeleza hapa, kuhusu hita, waya na honi. Nilimwambia kwamba dereva alikuwa na koleo mfukoni. Kwamba kwa ruhusa yake tungeikata honi, tuurudishe waya mahali pake, tusubiri hita zipate moto, na tujaribu. Nilimwambia kwamba nisingeweza kumhakikishia kuwa hita zote zilikuwa bado nzima, lakini hilo ndilo lililobaki kujaribiwa, na saa inakwenda. Alinisikiliza hadi mwisho. Nampa haki yake: alinisikiliza.

"Honi ni mali ya kanisa," alisema. "Haiwezi kung'olewa bila kikao."

"Ita kikao. Wajumbe wote wako hapa."

"Kikao hukaa baada ya ibada ya Jumapili, Mzee. Wewe ndiye wa kututaka tufuate utaratibu kila siku."

Waliotusikia walicheka, na nilisikia mmoja akisema kwamba leo Afisa amepewa dawa yake mwenyewe. Dereva, aliyekuwa ameshalitoa koleo, akalirudisha mfukoni.

Mjukuu wangu alikuwa ameshashuka. Alinishika mkono wa koti, jambo ambalo hajafanya tangu alipokuwa mdogo.

"Guka, hawa wataomba mpaka saa sita," alinong'ona. "Wacha niende na boda."

Nilimruhusu papo hapo. Tuliita pikipiki, tukalifunga godoro kwa kamba nyuma ya mwendeshaji, naye akabanwa katikati kama mkoba. Akina mama wa kwaya walilalamika kwamba mtoto wa chuo kikuu anatoka kanisani kama kifurushi. Mchungaji alikimbia akamwekea mkono kichwani pikipiki ikiwa imeshaanza kuondoka. Ukungu ukawameza kabla hawajafika langoni, ingawa tulisikia wazi waliporuka tuta.

Alibadilisha magari njiani, na Meru mjini alikuta umati wa wanafunzi wenye masanduku wakigombea magari ya kuelekea upande uleule. Alifika baada ya adhuhuri. Chumba kilikuwa kimeshapata mtu. Sina lawama yoyote kwa mama mwenye nyumba. Alisema adhuhuri, na adhuhuri ilipofika alifanya alichosema. Katika jambo hili lote ndiye afisa pekee niliyekutana naye.

Huku nyuma jua lilipasua ukungu. Lilikaa juu ya boneti, watu wakaenda kunywa chai, na lilipokuwa limeshafika utosini dereva akageuza ufunguo, injini ikaitika mara moja, kwa adabu, kana kwamba haikujua kilichokuwa kikitafutwa. Wakati huohuo fundi aliyeitwa kutoka sokoni akaingia langoni. Alilikuta lori linanguruma. Alilizunguka, akalipiga teke gurudumu, akasema lori hili ni zima kuliko yeye, akapewa chai.

"Nilisema nini?" aliuliza mwenyekiti, akiwa ananitazama mimi.

Nilipanda nao, kwa kuwa viazi vilikuwa vyangu. Tuliingia Nchiru alasiri, honi ikiimba njia nzima, wanafunzi wakatoka kwenye vibaraza vya hosteli na wenye vioski wakaacha wateja. Nilimwona mjukuu wangu kwa mbali: ameketi juu ya godoro lake nje ya nyumba ile aliyoahidiwa, mgongo umeegemea ukuta, mkoba magotini. Nilishuka kabla lori halijasimama vizuri. Aliniambia kwa maneno machache. Nikamwendea mwenyekiti nikamwambia kwamba hakuna chumba. Alitikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akapanda juu ya gunia langu la viazi na kutoa hotuba aliyokuwa ameiandaa, kuhusu elimu kama mwanga na kanisa kama mzazi, mbele ya mlango wa chumba chenye mpangaji mwingine. Kwaya iliimba. Kijana mmoja kwenye kibaraza aliuliza kwa sauti mzee huyu anagombea kiti gani.

Anaishi sasa ng'ambo ya bonde, katika chumba anachogawana na wenzake, na akitoka kwenye masomo ya jioni hupita njia ile ambayo hakuitaka. Mke wangu halali mpaka ampigie simu na kusikia mlango ukifungwa. Nilipomuuliza majuzi kama nimtafutie mahali pengine, alisema, "Guka, nimezoea." Neno hilo ndilo lililonifanya nikae na kuandika haya. Mimi najua jinsi mtu anavyozoea. Nimeona idara nzima ikizoea.

Jumapili iliyofuata kamati ilikaa baada ya ibada, adhuhuri kama kawaida yake. Ilikubaliana kwamba safari ilichelewa kwa sababu ya baridi, kwamba lori lilikaguliwa na fundi likaonekana halina tatizo, na kwamba mwenyekiti apongezwe kwa hotuba. Nilipoomba nafasi niliambiwa muda umekwisha. Nilitazama nje dirishani. Lori lilikuwa limesimama juani katikati ya uwanja uliosawazishwa, na kwa kweli hakuna mtu duniani ambaye angeweza kulishtaki kwa jambo lolote.

Huo ndio msingi wa malalamiko yangu. Kamati hii ililiona lori mara ya kwanza adhuhuri, ikalikagua adhuhuri, ikalitangaza halina kosa adhuhuri. Kamwe haijawahi kukutana nalo rasmi asubuhi.

Kwa hiyo nadai yafuatayo, nami nayadai kama mshirika mwenye michango kamili na kama babu wa mtu aliyedhulumiwa. Kiitishwe kikao maalumu cha kamati ya maendeleo, wajumbe wote wakiwapo, na washirika wakiruhusiwa kusikiliza. Kikao hicho kisikae ndani ya kanisa wala baada ya ibada. Kikae uwanjani, kabla jua halijachomoza, katika msimu wa ukungu, lori likiwa limelala nje usiku kucha. Mwenyekiti aketi mwenyewe kwenye usukani na kugeuza ufunguo, mara nyingi atakavyo. Akishindwa, aamuru kwa sauti ya kusikika na wote kwamba honi ikatwe na waya urudishwe kwenye hita, kisha ajaribu tena. Akiisha kujaribu, atueleze pale pale, akiwa bado amevaa skafu yake, ni nani aliyenunua, ni nani aliyesawazisha, na ni nani aliyekataa. Kisha aende Nchiru kwa namna yoyote atakayopata usafiri, apitie njia ile ya bondeni baada ya giza kuingia, abishe hodi, na kumweleza mjukuu wangu majibu hayo ana kwa ana. Nasubiri tarehe ya kikao.